Kikapu Kitupu cha Shwarini

Kila nchi ina lake la kujisifia. Iko inayojisifia milima, iko inayojisifia ng'ombe, na iko ile isiyo na kitu, ikajisifia ukarimu. Shwarini walijisifia kwamba kwao hauawi mtu. Kwa sifa hiyo baraza la nchi kumi na mbili liliwavisha Kilemba Cheupe mwaka baada ya mwaka, na kama kilikuwa kilemba cha hariri au cha ukoka, msikilizaji ataamua mwenyewe. Mimi nimeshaamua. Ninayemsimulia hapa ni mwanamke aliyewavua kilemba hicho mchana kweupe, na sitajifanya sina upande.

Akiitwa Havijawa, mzaliwa wa Vumbini, mpishi wa shughuli. Nani asiyemjua mpishi wa shughuli? Ni mtu wa kuamrisha masufuria na wasaidizi bila kuinuka kwenye kigoda chake, na sauti yake humfikia anayekata vitunguu uani kwa jirani. Alikwenda Shwarini kumchukua mdogo wake, Mshamu, mwashi aliyekuwa ameitwa huko kujenga tao la lango kuu. Habari za kifo zilifika Vumbini kwa kinywa cha mpita njia. Mama yao, mtu mzima asiyeweza tena kusafiri, alimwambia binti yake: "Mlete nimzike, na uniambie nani kamuua." Kaburi likachimbwa, Havijawa akaondoka. Njia aliyoipita tuiache, njia ni njia.

Juu ya lango la Shwarini paliandikwa kwa herufi kubwa: HAPA MAMBO HUTENDEKA. Chini yake alisimama askari mwenye adabu nyingi.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Nimekuja kumchukua ndugu yangu. Ameuawa hapa kwenu."

Askari alikohoa, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyetukaniwa mama yake mbele ya wakwe.

"Neno hilo hapa halipo, mama. Sema amepigika."

"Amepigwa?"

"Amepigika."

"Haya. Na mimi niliyefiwa?"

"Wewe ni mbaki," alisema askari kwa upole. "Yaani aliyebaki baada ya mwenzake kuondoka. Pita, mbaki. Pole sana."

Havijawa alidhani ni lahaja ya watu wa lango. Kumbe ilikuwa sheria, tena sheria mama. Zamani watu wa Shwarini walisema kama tusemavyo mimi na wewe. Kisha ikaja Amri ya Wa. Amri hiyo ilipiga marufuku kumtaja marehemu kwa neno lolote linaloishia na silabi ile, kupigwa, kukatwa, kunyongwa, kuuawa, kwa sababu silabi hiyo ina tabia ya kumtafuta mtenda. Ukisema mtu amepigwa, msikilizaji ataachaje kuuliza, na nani? Ukisema amepigika, hana pa kushika. Ataguna, atatoa pole, ataenda zake sokoni. Amri ilihusu marehemu tu, lakini ulimi ukishaogopa hauchagui, na ugonjwa ukaenea kwa walio hai.

Havijawa alishukia nyumbani kwa Bi. Msimu, mama wa makamo mwenye nyumba ambamo Mshamu alikuwa amepanga chumba. Bi. Msimu alimkumbatia mlangoni, akalia, akamkaribisha ndani.

"Kaa, mwanangu. Wali umepikika, maji ya kuoga yamechemka. Usione nyumba kimya. Mume wangu alikatika mwaka ule wa nzige, na binti yangu juzi juzi ameoleka."

"Kaolewa na nani?" aliuliza Havijawa, kwa mazoea tu ya mtu wa shughuli.

"Ameoleka tu, mwanangu," alijibu Bi. Msimu. Lakini aliinua kidevu kidogo kuelekea dirishani, ambako kijana mmoja alikuwa akipita na baiskeli, na uso wake ulionyesha kwamba mkwe hakumpendeza.

Walipokwisha kula, Havijawa aliomba aelezwe. Bi. Msimu alishika ukingo wa mkeka, akawa anauchanachana nyuzi.

"Ilikuwa siku ya kukipitisha kikapu," alisema. "Kila mwaka, kabla baraza halijaketi, kikapu chetu cha kuhesabia wafu hupita mjini watu wakione. Wanaume wanane wanakibeba, na kikapu hakina kitu ndani. Mshamu alikuwa juu ya tao, ana mwiko mkononi. Akawaona wale wanane wanavyotweta chini ya kikapu kitupu. Akacheka."

"Akacheka."

"Akacheka, mwanangu. Unajua kicheko chake. Akacheka mpaka akakaa. Watu wengine wakaanza kutabasamu. Basi. Akateremka, na fimbo zikainuka."

"Fimbo za nani?"

"Fimbo. Ziliinuka, zikashuka, zikainuka tena. Mshamu akapigika mpaka akazimika."

"Mama, fimbo haina mkono. Nani alikuwa amezishika?"

Bi. Msimu alifungua kinywa. Havijawa aliona jina likifika mpaka kwenye meno, likarudi. Mama yule alitikisa kichwa, machozi yakimdondoka, akasema fimbo ni fimbo. Havijawa alishikwa na hasira, na hasira yake haikuwa juu ya mama yule. Alimhurumia. Alitoka uani akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, maana mikono yake ilitaka kitu cha kukamata.

Asubuhi alikwenda kudai maiti. Nyumba ya maiti ilikuwa imefungwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwa Bwana Sadala, Mtunza Silabi. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa Amri, na ndiye aliyeongoza msafara wa kikapu. Msinijie na picha ya jitu lenye pembe. Alikuwa mzee msafi, mwenye sauti laini, msomi kweli kweli, na alimpokea Havijawa kwa kahawa na haluwa.

"Shikamoo, Bwana Mtunza."

"Marahaba, binti yangu. Unadhani sisi ni waongo?"

"Nadhani mmenifungia ndugu yangu."

"Nisikilize. Kijiti kikikatika, nikasema kimekatika, nimesema uongo? Sijasema. Nimesema kweli, nikaishia pale ambapo kweli haijaanza kuuma. Kabla ya Amri, nchi hii ilikuwa ya visasi. Mtu akifa, jamaa zake huuliza swali lile unalolijua. Jibu likitoka, kesho yake maiti ni wawili, keshokutwa ni wanne. Ukoo wa babu yangu uliisha hivyo, nikabaki mimi na dada yangu. Basi tukaliondoa swali. Visasi vikakoma. Niambie kosa liko wapi."

Havijawa alikuwa mtu mkweli hata kwa adui. Aliona hoja hiyo ina uzito, akaipa muda wake, akanywa na kahawa.

"Visasi vimekoma," alisema mwishowe. "Na mapigo?"

"Mapigo?"

"Mdogo wangu alipigwa mchana, langoni, mji mzima unatazama. Aliyempiga hakuficha uso. Angeuficha wa nini, na anajua hakuna atakayemuuliza? Bwana Mtunza, nyinyi mmewanyamazisha wanaolia mkawaacha wanaoliza."

Mzee alitabasamu kwa huzuni, akasogeza sahani ya haluwa karibu yake.

"Kesho baraza linaketi hapa. Unajua sheria yake, ni ya nchi zote kumi na mbili. Kokoto moja kwa kila mtu wa namna ya ndugu yako, na haiingii kikapuni mpaka mbaki wake asimame, aseme neno lile pamoja na jina la mtenda. Wajumbe wamesikia minong'ono kuhusu mwashi. Wewe ndiye mbaki. Simama mbele yao, sema alipigika, na ufunguo uko mkononi mwako kabla ya adhuhuri. Nitakupa na wachukuzi. Mama yako atamzika mwanawe."

"Nisiposema?"

"Basi itatubidi kuchunguza, na uchunguzi wetu hauna haraka. Maiti haipendi kungoja, binti yangu. Wewe unajua hilo kuliko mimi."

Hapo ndipo alipompiga kweli. Kumzuia maiti asizikwe ni jambo ambalo Havijawa alilelewa kuliona baya kuliko njaa. Alitoka pale. Akilini alimwona mama yake kwenye kizingiti, anangoja, na kaburi wazi nyuma ya nyumba. Neno lenyewe dogo, silabi moja tu, na nani angemlaumu?

Alasiri alijiwa na Mzee Ngwali, mjumbe wa Vumbini katika baraza. Havijawa alifurahi kuona sura ya nyumbani, akamwamkia, akamwekea kiti. Furaha haikudumu.

"Binti yangu, kubali," alisema Mzee Ngwali. "Nakuomba kama mzazi wako. Unajua Vumbini tunavyohesabu. Aliyepigwa rungu tunamtilia kokoto. Mke aliyenyongwa, tunamtilia. Mtoto aliyetupwa, tunamtilia. Hata yule wa kisimani, ambaye hatujui kama aliteleza au alisukumwa, tunauliza mpaka tujue. Matokeo yake nini? Kila mwaka tunaburuta mkia. Nikipita kwenye nchi za watu, akina mama wanaita watoto waingie ndani. Mwaka huu nimetumwa na wakubwa nijifunze hii silabi ya wenzetu. Ndugu yako ni mtu wa Vumbini. Ukisema neno lile, watadai kokoto yake ni yetu. Tutazidi kuzama."

"Kwa hiyo Shwarini hawamtaki, na sisi hatumtaki."

"Usiseme hivyo."

"Mama yangu nimwambie nini, baba? Kaniambia nimletee jina."

Mzee Ngwali alivua kofia, akaitazama ndani. "Mwambie amepumzika," alisema.

"Hakupumzika. Alikuwa kazini, akacheka, wakampiga mpaka akafa. Nenda kajifunze silabi yako, mzee wangu. Mimi uniache." Alisema kwa heshima, lakini alikwisha simama na kumshikia mlango.

Baraza liliketi asubuhi katika ukumbi mkubwa uliozungukwa na ua wa kokoto nyeupe. Watu wa Shwarini waliruhusiwa kukaa viti vya nyuma ili wajionee wanavyosifika. Bi. Msimu alikuwa miongoni mwao. Mlangoni alisimama askari mmoja mnene, fimbo kwapani, anachezea ndevu zake. Havijawa hakumjua.

Ibada ya kulinganisha ilianza. Kila nchi ililetwa mbele na kikapu chake, kokoto zikahesabiwa, kisha zikagawanywa kwa wingi wa watu, ili nchi kubwa isionewe na nchi ndogo isijifiche. Ni utaratibu mzuri, nami siukejeli. Tatizo halikuwa kwenye kugawanya.

Mjumbe wa Ziwani alieleza kwamba kwao mtu hahesabiki kuwa ameuawa mpaka muuaji akamatwe. "Hakuna mkia bila ng'ombe," alisema. Alipoulizwa wamekamata wangapi, alijibu kwa fahari kwamba polisi wa Ziwani hawamsumbui mtu. Kikapu chake kilikuwa na kokoto mbili.

Mjumbe wa Milimani alisema wao wanahesabu kwa uangalifu mkubwa, ila wanawake waliouawa na waume zao hawakuwamo. Hayo yalikuwa mambo ya ndani, na serikali yao haichungulii dirishani. Mjumbe wa Kambini alisema waliouawa na watu wenye sare walitiwa kwenye kikapu kingine, kikapu cha ulinzi, ambacho kwa bahati mbaya hakisafirishwi. Mjumbe wa Nyikani alikuwa na kokoto nyingi, lakini alipogawanya zikawa chache mno. Wenzake waliposaka chanzo, waligundua kwamba katika wingi wa watu wa Nyikani walikuwamo na mbuzi. Mjadala ukazuka kama mbuzi anayeitwa jina ni mtu au si mtu, ukaahirishwa mpaka mwakani.

Aliyesikitisha alikuwa mjumbe wa kisiwa cha Kidoto. Watu wao wote wangeenea kwenye harusi moja, na mwaka ule wawili waligombana juu ya jogoo, mmoja akafa. Kokoto ile moja, ikigawanywa kwa wachache vile, iliwafanya Kidoto kuwa nchi ya damu kuliko zote duniani. Mjumbe wake alilia, akaomba waazimwe watu, hata wa kukaa wiki moja tu, wapunguze makali. Hakuna aliyemcheka. Kila mjumbe alikuwa akipiga hesabu ya kwake.

Kisha kikaingia kikapu cha Shwarini. Wanaume wanane walikibeba, wanatweta, shingo zimewatoka mishipa. Wakakitua. Sadala akakiinamisha wote waone. Hakikuwa na kitu, na ukumbi ulipiga makofi.

"Hata hivyo," alisema Sadala, "tumesikia kuna wajumbe wenye mashaka juu ya mwashi mmoja. Sisi hatufichi. Mbaki wake yuko hapa. Simama, binti yangu. Waambie ndugu yako alifaje."

Havijawa alisimama. Aliona ufunguo mezani mbele ya Sadala, juu ya kitambaa safi, umegeuzwa upande wake. Mzee Ngwali alimtazama kwa macho ya kuomba. Alimfikiria mama yake, na akajua kwamba akirudi na maiti bila jina, mama atamwosha mwanawe, aone alama za fimbo, amgeukie yeye, na yeye hatakuwa na la kusema maisha yake yote. Aliogopa. Nasema wazi aliogopa.

"Mshamu aliuawa," alisema.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Huko nyuma mtu aliziba masikio ya mwenzake. Sadala peke yake hakushtuka, maana alikuwa na karata ya mwisho.

"Sheria ya baraza inataka neno hilo na jina la mtenda," alisema kwa sauti yake laini. "Hatukuzuii, binti yangu. Malizia. Na nani?"

Havijawa hakujua. Tangu afike mji ule alikuwa ameambiwa habari za fimbo tu.

"Mbaki hana jina," Sadala aliwaambia wajumbe. "Mnaona? Neno limetoka bila mtenda. Ni majonzi yanayosema. Basi mwashi alipigika, na kikapu..."

"Sijamaliza!" alisema Havijawa.

Alilipa kisogo baraza la nchi kumi na mbili, akawageukia watu wa nyuma. Na ile sauti ya kumfikia anayekata vitunguu kwa jirani, aliitoa yote.

"Mimi sikuwapo! Nyinyi mlikuwapo! Mlimjua, alijenga lango lenu, alikula kwenu, mlicheka naye. Siwaombi fimbo. Siwaombi machozi. Mdogo wangu aliuawa na nani?"

Watu walitazama vidole vya miguu yao. Sadala aliinua mkono kuashiria kikapu kichukuliwe, na wale wanane wakainama.

"Fimbo..." alisema mtu. Alikuwa Bi. Msimu. Alikuwa amesimama, ameshikilia kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Fimbo ziliinu... ziliinuli..." Ulimi wake ulikuwa na kutu ya miaka. Alimeza mate akaanza upya. "Ziliinuliwa. Fimbo ziliinuliwa na Bundala. Yule pale mlangoni. Mshamu aliuawa na Bundala, kwa sababu alicheka."

Watu wote waligeuka. Askari mnene aliacha kuchezea ndevu. Ile fimbo iliteleza kutoka kwapani, akaikamata, akaona jinsi anavyotazamwa na fimbo mkononi, akaificha nyuma kama mtoto aliyeshika sukari.

"Mimi sina kosa!" alisema Bundala. "Mimi nilitumika tu!"

"Ulitumwa," alisema Havijawa. Alimwendea mpaka wakawa uso kwa uso. "Sema vizuri. Hukutumika, ulitumwa. Na nani?"

Bundala alitazama huku na huku kutafuta msaada. Maskini, alikuwa ameilinda Amri miaka yote kwa fimbo, na sasa ndiyo iliyomkaba. Kwa lugha ya Shwarini hakuwa na njia ya kusema kwamba juu yake palikuwa na mtu. Jasho lilimtoka.

"Nilitumwa," alisema. "Nilitumwa na Mtunza Silabi. Alisema, yule anayecheka, asicheke tena."

Sadala alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza mzee yule msomi hakupata kitenzi. Bi. Msimu alikuwa bado amesimama. Hakuwa amemaliza.

"Na mume wangu hakukatika," alisema. "Mti ndio hukatika. Mume wangu alikatwa kwa panga, na mpwa wako, Bwana Mtunza, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nilikuwa naona. Tangu mwaka ule wa nzige mpaka leo nimesema alikatika, hata kwenye dua zangu."

Alitoka nje kwenye ua, akarudi na kokoto mbili. Moja alimpa Havijawa. Havijawa aliiweka ya Mshamu kikapuni, kisha mama yule akaiweka ya mumewe. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma naye alitoka. Akafuata mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kila aliyerudi alisimama mbele ya kikapu akasema jina, akasema neno, akasema na nani. Wengine ulimi uliwakwama, wakasaidiwa na wenzao. Wengine walitaja jina la mtu aliyekuwa ameketi nao safu moja. Waliotajwa hawakuguswa. Waliambiwa wakae palepale waje waulizwe na kadhi, mbele ya watu, jambo ambalo kwa hoja ya Sadala lisingewezekana bila visasi. Ilipofika adhuhuri, wale wanane walijaribu kukinyanyua kikapu. Hakikunyanyuka.

Hakuna aliyeuomba ufunguo. Bi. Msimu aliuchukua mezani, akaondoka nao. Watu walipokezana jeneza la Mshamu kutoka nyumba ya maiti mpaka langoni, bega kwa bega, na Mzee Ngwali alikuwamo, hana kofia, analia waziwazi. Mama yake Havijawa alimzika mwanawe akiwa amesikia majina mawili, la Bundala na la Sadala. Alisema atawapeleka kwa Mungu asubuhi na kwa kadhi mchana, na asithubutu mtu kumwambia achague.

Mwaka uliofuata baraza liliketi Ziwani. Vumbini hawakumtuma tena Mzee Ngwali. Walimtuma Havijawa, ambaye aliketi na kikapu chao kizito magotini bila kukifunika. Shwarini walikuwa wa mwisho kabisa, chini hata ya Kidoto, kwa sababu walileta na wafu wa miaka ya nyuma ambao hawakuwa wamesemwa. Kilemba Cheupe walipewa Ziwani, walioleta kokoto moja. Baada ya sherehe, mjumbe wa Ziwani alipita akisalimia watu na kilemba chake kichwani, akasimama mbele ya Bi. Msimu, ambaye sasa ndiye mjumbe wa Shwarini.

"Bibi, pole sana," alisema. "Mlikuwa mfano wetu sote. Nchi isiyomwaga damu! Na leo mmekuwa wa mwisho. Kimeharibika nini huko kwenu?"

"Hakijaharibika kitu. Walikufa vilevile. Sasa wanatajwa."

"Hata hivyo. Hamwoni haya?"

"Niliona haya tulipokuwa wa kwanza," alisema Bi. Msimu. "Lakini hebu nisaidie, bwana. Wale wa kwenu ambao hamjamkamata mtu. Waliuawa na nani?"

Mjumbe alikirekebisha kilemba chake, akasema samahani, kuna mahali anaitwa. Havijawa aliweka kikapu chini, akamshika mkono, wala hakumbana sana.

"Kaa," alimwambia. "Umeulizwa."